Sahani ya Tatu kwa Mama Hela

Jamani, gari ya majani ya mbuzi ndiyo iliyonitia wazimu wiki hii. Jirani yetu hapa Mabela, huku kwa Waarabu, kajenga nyumba kama kasri, vioo mbele vioo nyuma, lakini uani kafuga mbuzi, maana mtu aliyekulia na mbuzi hata umpe ghorofa atawatafutia pa kulala. Basi kila Alkhamisi pikapu huja ikamshushia majani makavu, mafungu kwa mafungu. Mimi nimekaa zangu barazani na birika langu la kahawa, upepo ukayapitia yale majani ukaniletea harufu puani, na mara nikaona kitambaa cheupe cha meza. Sikuona mbuzi wala pikapu tena. Kitambaa cheupe, na mkono wangu mdogo juu yake unapapasa, na chini yake kuna vitu vinachomachoma.

Nyie wenzangu mliozeeka kama mimi mnajua. Miwani naisahau kichwani, jina la mkwe wangu naanza kuwaita wote watatu ndipo nilipate, lakini harufu moja tu inanitoa hapa inanitupa kule, wala hainiulizi. Mjukuu wangu Salma, anayesoma chuo kikuu pale Al Khoudh, ndiye anayeyaandika haya. Mimi kazi yangu kusema, na nimemwambia asinitengenezee. Shule ya kuandika nilitolewa mapema, kwa hivyo msinidai miaka. Mimi nakumbuka kwa mvua na kwa marehemu.

Baba yangu alikuwa na duka Tengeru, njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi. Mama yangu mtu wa Pangani, na baridi ile ya chini ya mlima Meru ilimtesa, maskini, akilala na soksi za baba. Na pale Tengeru walikuwapo wazungu wa ajabu. Sisi wazungu tuliowajua walikuwa wa kupita na gari wakatutimulia vumbi. Hawa walikuwa wakichota maji wenyewe, wakilima kabichi wenyewe, wakija dukani kwa miguu. Wapoland. Wakati wa vita waliletwa wengi mno, wanawake na watoto, wakajengewa vibanda vya mviringo, vyeupe, paa la majani, ukiviona kwa mbali utadhani uyoga. Vita vilipokwisha wakatawanyika, huyu Uingereza, huyu sijui wapi, wakabaki wachache ambao hawakuwa na pa kwenda. Mimi nilipopata akili niliwakuta hao wachache.

Mmoja ndiye Mama Hela. Mrefu, mifupa mikubwa, buti za kiume, kilemba cha maua kafunga chini ya kidevu. Hela ndilo jina lake, na hela hakuwa nayo, sasa watoto wa njiani hawakumwacha. "Mama Hela hana hela!" Yeye hugeuka akawajibu, "Na wewe hapana meno!" maana sote tulikuwa mapengo. Kiswahili chake kilikuwa maneno kayapanga kama matofali bila ya udongo, lakini ukuta ulisimama, ulimuelewa tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea vitu vyake. Unga, sukari, mafuta ya taa. Na nilikuwa nakwenda mbio, kwa sababu kwake kulikuwa na mkate na jamu ya mapera, na kulikuwa na mji.

Ntakuelezeni huo mji. Ubavuni mwa kibanda chake alikuwa na bustani, na ule mfereji wa Wameru wa kumwagilia ulikuwa unapita pale, ukifika kwake unapinda kama kiwiko cha mkono. Yeye akasema huo ndio mto wa kwao, hivyohivyo unapinda. Akaweka ubao juu yake, daraja. Akapanga mawe, kila jiwe nyumba. Katikati kaacha uwanja wa soko, na msumari mrefu kausimamisha, hiyo pampu ya maji. Kichuguu kidogo kakichonga, juu yake kanisa. Kule bondeni, msikiti wa Mayahudi. Njia ya kwenda kinuni, wanakosagia unga, kaipanda bizari pande mbili, kwa sababu kwao ilikuwa na miti ya maua ambayo nyuki wanalewa. Na kisha hunishika bega, huniweka mwanzo wa ule ubao, ananisomesha.

"Toka darajani. Kushoto nani?"

"Fundi viatu."

"Yeye fanya nini?"

"Anakohoa."

"Mchana?"

"Mchana na usiku, mpaka mbwa wa kinuni anamjibu."

"Vizuri. Halafu?"

"Muoka mikate, Myahudi, na binti zake wawili. Ijumaa anausuka mkate kama nywele."

"Halafu?"

"Mjane wa duka la dawa. Ana piano. Hajui kuipiga, anaipangusa."

"Halafu?"

Hapo kulikuwa na jiwe jeupe, karibu kabisa na pampu. Kila tukilifikia Mama Hela huinua buti lake akaliruka. "Hapa hapana. Endelea." Tukaendelea, kwa polisi mlevi, kwa ndugu wa kinuni waliooa mtu na dada yake, kwa mwalimu mwenye mguu wa mti. Nikikosea, narudi mwanzo wa daraja. Nikipatia, mkate na jamu. Mtoto wa njaa hakosei mara mbili, nikaushika mji mzima. Hata leo nifumbieni macho mniweke pale darajani, sigongi ukuta.

Na khabari za huo mji zenyewe zilinichanganya akili. Aliniambia, "Babu yangu zaliwa pale, mji wa Mrusi. Baba yangu pigana vita, mji wa Mdachi. Mimi olewa, mji wa Poland. Halafu askari gonga mlango, mji wa Mrusi tena. Na pampu ile ile! Maji ile ile!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mimi kwa akili yangu nikaona nchi ni kitu kinachotembea. Kinakuja kinaulalia mji, kama ng'ombe anavyolalia majani, kikichoka kinanyanyuka kinakwenda zake, na mji unabaki umelala vilevile, majani yameinama. Nilikuwa nikiogopa hata Tengeru, siku tutaamka tukute nchi imenyanyuka.

Na wale watu. Mimi sikudhani ni hadithi. Nilijua wamo. Mama yangu kaniambia mambo mengi ya Pangani, ya wale tusiowaona wenye nyumba zao kwenye vichaka na kwenye maji, na unapita kwa adabu, unasema hodi. Basi nilipokuwa nikiingia mji wa Mama Hela nilikuwa natembea ncha za vidole nisimkanyage mtu. Fundi viatu nikimwamkia. Na lile jiwe jeupe nililipita nimebana pumzi, maana nyumba ambayo mwenyewe hatajwi, sisi wa pwani tunajua ni ya nani.

Siku moja nikajitia ushujaa, nikamuuliza, "Sasa hawa wote wako wapi?"

Alikuwa anapalilia. Hakuinua kichwa. "Askari kuja. Baridi. Watoto lia. Sisi wote tia ndani ya treni. Treni ya ng'ombe."

Nikaelewa. Nilielewa vibaya, lakini nilielewa moja kwa moja: waliingia treni ya ng'ombe kwa sababu wamegeuzwa ng'ombe. Askari walikuja na uchawi wao, wakamgeuza fundi viatu, na mwalimu, na mjane, wakawapakia. Mama Hela peke yake ndiye aliyerudi kuwa mtu, na ndiyo maana mifupa mikubwa vile.

"Wote?" nikamuuliza.

"Muoka mikate hapana. Binti zake hapana. Wao baki."

"Alhamdulillahi," nikasema, "basi wao wamesalimika."

Akainua kichwa akanitazama. Akaliweka jembe chini. Kisha akaenda ndani akanikatia mkate, kipande kikubwa kuliko siku zote, na siku ile hakuniuliza kitu. Nilikuwa mtu mzima, nna watoto wangu, ndipo nilipokuja kusikia Mayahudi wa miji ile walifanywa nini. Nilikuwa nakaanga sambusa siku hiyo, redio imewashwa. Niliuacha mwiko ndani ya mafuta nikakaa chini.

Mama yangu mji ule hakuupenda hata kidogo. "Mtoto anasema na mawe," akimwambia baba. "Siku moja atarudi nusu."

Baba anacheka. "Mama watoto, bibi wa watu ana upweke. Anamfundisha mtoto hesabu ya majirani, kuna ubaya gani?"

"Majirani wapi? Majirani walio hai wana kuku, wana makelele! Wewe hao ushawasikia?"

Lakini Mama Hela alikuwa na jambo lake, na alinambia wazi, siku ambayo kikohozi kilimtoa machozi. Bwana Yozef, jirani yake wa kibanda cha pili, ni Mpoland lakini mji wake mwingine. Wa mji wake yeye hakubaki hata mmoja pale Tengeru. "Mimi kufa, mji kufa," akasema, akanigonga paji la uso kwa kidole chake kigumu. "Wewe kumbuka, mji hapana kufa." Mimi nikajiona mkubwa ajabu, nikatembea njia nzima shingo nimeikaza, kama niliyejitwika mtungi. Halafu nikifika nyumbani, nikilala, khofu. Nikisema, sasa kama mji umo humu kichwani, mimi na wao nani anayekaa kwa mwenzake?

Siku yenyewe ilikuwa moja kabla ya Krismasi yao. Mvua za vuli zimekwisha, korongo weupe wamejaa mashambani. Hao korongo kila mwaka wanakuja, na Mama Hela akiwaona hupiga makofi, "Hao toka kwetu! Hao lala juu ya kinu!" Baba akanipa dumu la mafuta ya taa. "Mpelekee Mama Hela, nimesahau tangu asubuhi. Mbio, urudi kabla giza halijashika."

Nikafika jua lishazama. Bwana Yozef kasimama mlangoni kwa Mama Hela, kavaa koti, masharubu yake ya tumbaku kayachana, kainua uso anatazama mbinguni. Alikuwa seremala, mzee wa mzaha. Kazi yao yeye na Mama Hela ilikuwa kugombana mji wa nani ulikuwa na kanisa refu.

"Unatafuta nini, Bwana Yozef?"

"Nyota. Nyota moja toka, sisi kula. Toka asubuhi hapana kula."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kumbe wamefunga! Kumbe wanaandama nyota, kama sisi tunavyoandama mwezi! Nikaweka dumu chini nikamsaidia, na wallahi mimi ndiye niliyeiona, pembeni mwa mgomba, ndogo kama kichwa cha sindano. "Ile pale!" Bwana Yozef akaita ndani kwa lugha yao, na mimi nikachukua dumu langu nikaingia mbele yake.

Mama Hela alikuwa anatoka jikoni na bakuli. Akaniona mlangoni. Supu ikamwagika kwenye buti, wala hakulitazama buti. Bwana Yozef akasema neno. Yeye akajibu neno. Kisha akaweka bakuli, akavuta kiti.

"Wewe kaa."

"Nimeleta mafuta tu, baba kasema nirudi."

"Kaa. Hii sahani ya wewe."

Meza ina kitambaa cheupe pe, sijapata kukiona siku zote. Na juu yake sahani tatu. Nikahesabu watu: Mama Hela, Bwana Yozef. Na mimi hawakujua kama ntakuja, baba mwenyewe kanituma kwa kusahau. Sasa ile ya tatu, safi, na kijiko chake, na kiti chake kimevutwa, ilikuwa imewekewa nani?

Mama kanikanya tangu sijaota meno. Kule Pangani, ukikuta chakula kimewekwa na hakina mtu, usiguse, kina wenyewe. Kuna watoto wamekula, wakawa wa wenyewe. Nilijua. Lakini samaki alikuwa ananukia, perege wa ziwa Duluti kakaangwa na vitunguu, na wakubwa wawili wananitazama kama vile nikikataa watalia. Nikakaa. Mama Hela akachukua kitu cheupe, chembamba kama karatasi, mkate wao wa siku ile, akamegea kila mtu, akaniombea dua ya meno yatoke. Tukacheka. Nikala. Supu nyekundu nikaila, samaki nikamla mpaka macho. Na nilipoweka mkono mezani nipumzike ndipo nikahisi vinachomachoma. Nikainua ncha ya kitambaa. Majani. Majani makavu ya ng'ombe, yametandazwa meza nzima chini ya sahani.

Bwana Yozef akaniona ninavyotumbua macho. Akaniinamia, mzaha wake umemjaa masharubuni. "Leo ng'ombe sema. Siku hii moja. Ng'ombe sema kama mtu."

Wenzangu, hebu nitazameni mimi hapo. Treni ya ng'ombe. Majani. Sahani ya wenyewe. Ng'ombe leo wanasema kama watu, kwani walikuwa nani zamani? Kila kitu kikakaa mahali pake. Nikaelewa kwamba wamenilisha ili niwe mtu wa mji, na watu wa mji ule mwisho wao ni zizini.

Nilitoka sikuaga. Njia ya nyumbani inapita zizi la jirani yetu Mmeru, huna njia nyingine. Nikasema ntapita nimefumba macho. Nikafumba. Na nilipokuwa sawasawa na zizi, gizani mle, ng'ombe akakohoa.

Si kulia, jamani. Kukohoa. Kavu, mara mbili, kama mtu mwenye kifua.

Nikasimama. Na adabu niliyofunzwa ikanitoka yenyewe mdomoni: "Shikamoo, fundi."

Akakohoa tena.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka homa. Mama anasema nililala nikiweweseka usiku kucha, na sikuwa naweweseka ovyo. Nilikuwa nautembea mji. Daraja, fundi viatu, muoka mikate, mjane, nyumba kwa nyumba, na nikifika pahala fulani naruka nasema "hapa hapana," kisha naanza tena darajani. Baba akasema ni malaria, akanipondea kwinini kwenye asali. Kulipopambazuka alinifunga mgongoni, mtoto mkubwa mimi, miguu inaning'inia, akaenda.

"Hodi, Mama Hela! Na sikuja kwa kheri!"

Mama Hela akatoka. "Mtoto mgonjwa?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Huyo hapo. Mgongoni."

"Huyu gamba tu. Mwenyewe umembakisha huku. Usiku kucha anawahesabu watu wako. Kala chakula cha nani hapa jana? Sahani ile ulimuwekea nani?"

Nilikuwa nimelaza shavu kwenye bega la mama, naona kila kitu kama kimo ndani ya maji. Mama Hela hakucheka. Watu wazima wote wangecheka, lakini yeye hakucheka, na mpaka leo nampenda kwa hilo.

"Sahani ya anayekuja," akasema. "Sisi kila mwaka weka. Mgeni, maskini, mtu potea njia. Anayekuja, kaa, kula. Desturi."

"Mgeni wa chini ya ardhi au wa juu?"

"Anayekuja."

"Sijakuuliza desturi, bibi wee. Nakuuliza wewe. Mwenyewe, ulikuwa unamngoja nani?"

Akatembea mpaka bustanini, mama nyuma yake na mimi mgongoni, tukavuka ule ubao, tukampita fundi viatu, muoka mikate, mjane. Akasimama kwenye jiwe jeupe. Hakuliruka.

"Hapa mimi," akasema. "Mume wangu. Zosia."

"Zosia nani?"

"Mtoto. Sawa na huyu. Sisi toka kule baridi, fika Uajemi, jua, mkate, kila kitu. Yeye homa. Uajemi, ndani ya mchanga." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mimi weka sahani ya anayekuja. Lakini mimi ngoja Zosia tu. Kila mwaka. Jana mlango funguka, nyota, mtoto."

Mama yangu alikuwa mkali, muulizeni mtu yeyote wa Tengeru aliyebaki. Lakini alichutama pale, nami mgongoni karibu niruke juu ya kichwa chake, akanyoosha mkono akaliondoa jani lililoanguka juu ya lile jiwe. Aliponyanyuka sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mungu akulipe kwa mwanao. Na mimi wangu ndiye huyu. Basi mtoe."

"Mimi kutoa vipi?"

"Wewe mwenye mji. Ulimuingiza kwa daraja, mtoe kwa daraja."

Akanishusha. Mama Hela akanishika mkono, mkono wake mkavu, una nyufa kama mti, na wangu unawaka homa. Tukarudi nyumba kwa nyumba, na kila mlango akasema neno kwa lugha yao, nadhani alikuwa ananiagia. Kwenye ubao akasimama. "Wewe toka," akasema. "Wewe huru. Taka kuja, kuja. Hapana taka, sawa." Nikavuka. Mama yupo ng'ambo kanitandazia kanga, akanivingirisha kama mzigo. "Khalas," akasema, "usigeuke nyuma."

Nikageuka, bila shaka. Mama Hela kasimama palepale mwisho wa ubao, buti zake zimegusa ukingo, ananipungia. Hatua moja tu, na mfereji wenyewe mtoto anauruka. Hakuvuka.

Homa ilipoa Ijumaa. Baba akasema kwinini hiyo, mama akasema sawa, kwinini.

Mama Hela alikufa masika yaliyofuata, wakamlaza kwenye makaburi yao Wapoland, palepale Tengeru. Mvua ikaujaza mfereji, ikaubeba ubao, mawe yakatawanyika, mtu akapanda maharage. Nikadhani yamekwisha. Lakini Krismasi iliporudi na korongo wamerudi, mama akaniita jikoni. Kapika samaki wa nazi, kamfunika na sahani nyingine.

"Chukua, nenda kwa Bwana Yozef. Asile peke yake. Na akikuwekea sahani, kaa."

"Mama, na wenyewe?"

"Wenyewe nshawajua. Nenda."

Tukala, mimi na Bwana Yozef, majani yaleyale chini ya kitambaa, kumbe nayo desturi yao ya Krismasi. Akaniambia kwa heshima ya siku ile anakubali, kanisa la Mama Hela lilikuwa refu zaidi.

Mengine mnayajua, maana ni yenu pia. Duka likafungwa, tukahama, tukahama tena, tukaja huku, nchi ya babu zake baba, tukaambiwa tumerudi kwetu, na mimi kwetu sijapata kukuona kabla. Watoto wangu wote niliwalaza kwa mji wa Mama Hela. Wenzangu wanawaimbia, mimi nawaambia, toka darajani, kushoto nani. Mwanangu mkubwa, bwana mzima sasa ana ofisi yake Rusayl, mwite muulize mjane alikuwa na nini. Atakwambia piano.

Lakini lile jiwe jeupe sijapata kulitaja kwa mtu. Nikifika naruka, "hapa hapana." Sijui kwa nini. Naona kama nikilitaja atafungua mtu.

Basi juzi, siku ya majani, Salma kanikuta barazani machozi yananitoka, kahawa imepoa. Nikamwambia. Akatoa simu. "Bibi, twende tukauone, dakika moja tu." Jina la mji nalijua kwa mdomo, akaliandika hivi, akaliandika vile, simu ikatuletea jibini, ikatuletea mchezaji mpira. Tukatafuta mto unaopinda kama kiwiko. Mito yote ya dunia inapinda! Akasema labda ile nchi iliyokuja ilibadilisha jina. Akazima simu, akavuta sinia la tende. "Basi nionyeshe wewe."

Nikavua ushungi wangu nikautandaza sakafuni, mto, nikaupinda. Kijiko, daraja. Kokwa za tende ndizo nyumba, tunakula tunapanga, tunakula tunapanga. Fundi viatu. Muoka mikate na binti zake. Mjane. Kikombe cha kahawa, pampu. Na kando ya kikombe mkono wangu ukaweka kokwa moja, wenyewe, kisha nikaruka.

Salma anasoma mambo ya ramani, huwezi kumpita. "Bibi, na hapa nani?"

Jua limeshuka, kule uani mbuzi wanatafuna, harufu ile inakuja inakwenda. Nikamtazama mtoto wa watu, na umri wake, na mitihani yake. Nikasema nimuache salama. Nikasema pia, mimi nikifa leo, ni nani atakayejua kama Zosia alizaliwa?

"Hapa Mama Hela," nikasema. "Na mumewe. Na Zosia. Na kiti cha kando ya mlango, hicho changu mimi. Nilivushwa daraja nikiwa mtoto, Salma, lakini sikumbuki kama nilifika ng'ambo."

Hakunambia usilie. Akachukua tende, akaila taratibu, akaifuta kokwa kwa kidole, akaiweka nje ya ile nyumba, mlangoni kabisa.

"Na huyo nani?" nikamuuliza.

"Huyo mimi, Bibi. Mama kanituma nikuite. Chakula tayari."